Tulimlaumu Kijana Wetu kwa Kosa la Gari

Kwa miaka ishirini ya ndoa yetu tuliwafundisha watoto wetu maneno matatu: shikamoo, asante na samahani. Hili la tatu walilisema sana, maana watoto hukosea kila siku. Lakini hatukumbuki hata siku moja ambapo sisi wazazi tulilisema kwao. Si kwamba hatukuwahi kuwakosea. Tulidhani tu kwamba mzazi akikosea hunyamaza, kesho yake hununua maandazi au soda, na mambo yanakwisha. Huenda tungeendelea hivyo mpaka uzeeni kama si pikapu moja ya dizeli iliyoingia nyumbani kwetu mwaka 2022 ikiwa na klachi mbovu.

Wapenzi wasomaji, sisi si mafundi wa magari. Baba wa nyumba hii ni mwalimu wa shule ya msingi, na mama ni mkulima wa mboga. Tunaishi wilayani Lushoto, katika milima ya Usambara, ambako kila familia ina kishamba cha kabichi, karoti au pilipili hoho. Tunaandika kwa sababu tunajua nyumba nyingi zina kijana aliyemaliza shule, asiye mtoto tena na ambaye bado hajawa mtu mzima, na wazazi wake hawalali wakiwaza wamsaidieje.

Kwa nini tulitaka gari

Kijana wetu wa kwanza alimaliza kidato cha nne mwaka 2020. Matokeo yake hayakumpeleka kidato cha tano. Alikaa nyumbani miezi michache akitusaidia shambani, kisha mjomba wake, ambaye ni dereva wa lori la mboga, akamchukua awe utingo wake. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alipanda na kushuka barabara ya Mombo akiwa juu ya kabichi. Alijifunza kufunga turubai, kubadilisha tairi na kusikiliza injini. Hilo la mwisho sisi hatukulitia maanani.

Alipotimiza miaka 18 alikwenda chuo cha udereva, akapata leseni yake kwa njia ya haki, maana sheria hairuhusu mtu wa chini ya umri huo kuendesha gari. Lakini leseni bila gari haimpi mtu ugali. Ndipo alipoanza kuzungumza habari za kuchukua bodaboda ya mkataba. Mama msomaji, kama una kijana wa umri huo, unajua neno bodaboda linavyoushtua moyo. Wakati huo jirani yetu alikuwa akimwuguza mwanawe aliyevunjika mguu kwa pikipiki, na kila asubuhi mama yao alipopita pale kumjulia hali alirudi amenyamaza.

Baba akatoa wazo la pikapu ndogo. Wakulima wengi wa huku hawana mzigo wa kujaza lori. Mtu ana matenga sita, mwingine ana magunia manne, na wanunuzi wanawasubiri Mombo, chini ya mlima. Pikapu ingeweza kukusanya mizigo hiyo midogo na kuishusha, kisha ikapandisha saruji na unga wa madukani.

Tuliketi tukapiga hesabu, kama yule mjenzi wa mnara tunayesoma habari zake katika Injili ya Luka. Mama alikuwa na shilingi milioni 2 na laki 4 kwenye kikoba. Baba angekopa milioni 4 katika chama cha akiba na mikopo cha walimu. Tuliuza ng'ombe na ndama wake kwa milioni moja na nusu. Kijana mwenyewe akaleta laki 7 alizoweka akiba kwenye utingo, zikiwa zimefungwa kwa mpira ndani ya bahasha. Jumla ilikuwa milioni 8 na laki 6.

Tulikubaliana kwamba gari halikuwa zawadi. Kila mwezi angetupa laki moja na nusu za kulipia mkopo wa baba. Wapo ndugu waliosema tunamdekeza mtoto, na wapo waliosema tunamtafutia kifo. Tuliwasikiliza wote, tukaomba pamoja kama familia, tukaanza kutafuta gari.

Siku ya kununua

Mjomba alitushauri tutafute injini ya dizeli. Alisema dizeli ina nguvu ya kuvuta mzigo mlimani hata ikizunguka taratibu, na kwa kazi ileile hula mafuta kidogo kuliko petroli. "Lakini dada," akamwambia mama, "dizeli ya mtumba ikiwa na ugonjwa, ugonjwa wake ni wa pesa. Msinunue kabla sijaiona." Tuliitikia. Wiki dalali alipotupigia simu kwamba kuna pikapu nzuri mjini Tanga, mjomba alikuwa safarini Dar es Salaam na angerudi baada ya siku tatu. Dalali akasema kuna mteja mwingine anakuja asubuhi na fedha mkononi.

Akina mama, maneno hayo tukiambiwa dukani juu ya kitenge huwa tunacheka na kuondoka. Kwenye gari la mamilioni tuliyaamini. Alfajiri tulipanda basi, sisi wawili na kijana wetu.

Muuzaji alitupokea kwa salamu ya "Bwana asifiwe". Akatupa viti kivulini, akatuletea soda, akatueleza habari za kwaya yake. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, viti vimevikwa vitambaa vipya, na injini ilikuwa tayari inanguruma tulipofika. Akatuzungusha yeye mwenyewe mpaka Raskazone na kurudi. Tanga ni mji wa pwani, na barabara zile ni tambarare kama meza. Gari lilikwenda vizuri.

Kisha akampa kijana usukani kwa dakika chache. Aliposhuka, alimvuta mama yake pembeni akasema kwa sauti ndogo, "Mama, klachi inashika juu sana. Naachia pedeli mpaka inakaribia kumalizika ndipo gari linaondoka. Na nikikanyaga mafuta, injini inapiga kelele kwanza, gari linafuata baadaye. Tumsubiri mjomba."

Mama alimfikishia baba maneno hayo. Muuzaji alisikia, akacheka kwa upole. "Kijana amezoea lori," akasema. "Pikapu ndivyo zilivyo." Mwanetu akafungua kinywa kujibu, na baba akamwambia, "Hebu nyamaza kwanza, wakubwa wanaongea." Mama naye hakusema kitu. Kijana akaenda kusimama chini ya mwembe mpaka tulipomaliza.

Tumeyafikiria sana maneno yale. Tuliiamini salamu ya mtu tuliyemjua kwa saa moja, tukaliacha neno la mtoto tuliyemjua kwa miaka kumi na minane.

Kwa upande wa karatasi tulikuwa makini. Tulilinganisha namba ya chasi na namba ya injini na zile za kwenye kadi, tukaandikiana mkataba mbele ya wakili, tukalipa milioni 8 na laki 2. Zilizobaki zilikuwa za kubadilisha jina la umiliki katika Mamlaka ya Mapato (TRA), bima ndogo na mafuta. Mkataba ulisema gari linauzwa kama lilivyo. Sentensi hiyo tuliisoma na kuipita.

Mlima wa Mombo

Anayetoka Tanga kwenda Lushoto hupita Muheza, Segera na Korogwe mpaka Mombo bila mlima wa kutisha. Kutoka Mombo barabara hugeuka na kuanza kupanda. Ni kilometa thelathini na kidogo tu, lakini Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kona ni nyingi, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde.

Kijana ndiye aliyeendesha. Tulipoanza kupanda, injini ilianza kunguruma kwa sauti kubwa huku gari likienda polepole, kama mtu anayekimbia kwenye matope. Kabla hatujafika Soni tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Baba akasema, "Unakanyaga klachi vibaya." Kijana akajibu, "Baba, mguu wangu hauko kwenye klachi." Tulimwona ni mtoto anayejitetea. Tulifika nyumbani usiku, majirani wakatoka kutupongeza, na akina mama wakapiga vigelegele.

Kwa siku kumi na moja zilizofuata gari lilifanya kazi ya kushusha mboga, na kushuka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Kila jioni baba alimwuliza mwanetu amefanya nini leo kwenye klachi. Mama alikuwa akimwambia, kwa nia njema, "Mwanangu, endesha kwa adabu, fedha ile ni jasho la watu." Tulimsema mezani mbele ya dada zake wawili wadogo. Tulimsema mbele ya jirani. Mwanzoni alikuwa anaeleza, baadaye akaacha.

Siku ya kumi na mbili alipakia mifuko 12 ya saruji pale Mombo, kilo 600, mzigo ambao pikapu ya namna ile hubeba bila taabu. Kwenye kona za kuelekea Soni injini ilipiga kelele mpaka mwisho na gari likasimama. Gia ilikuwa imeingia, injini ilikuwa inazunguka, na magurudumu hayakusogea. Akatia mawe nyuma ya matairi, akasimama barabarani na tochi ya simu kuwaonya wenye magari, mpaka lori la mtu aliyemfahamu lilipomvuta saa nne usiku.

Baba alimpokea mlangoni kwa maneno matatu: "Umetuharibia gari, umefurahi?" Akachukua ufunguo, akauweka mfukoni mwake. Mama aliweka chakula mezani bila kumtazama.

Siku mbili baadaye, mama alipokuwa akikusanya nguo za kufua, alikuta begi la kijana chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na suruali mbili, leseni yake na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa anajiandaa kwenda Dar es Salaam, na hakuwa na mpango wa kutuaga.

Fundi alichotuonyesha

Asubuhi hiyo mama aliliacha begi lilipokuwa. Alimwambia baba tu, tukakubaliana kwamba kabla ya neno lolote gari lifunguliwe. Mjomba alikwisha kurudi, akatupeleka kwa fundi mmoja mzee anayeheshimiwa na madereva wa malori. Tulimwomba kijana aje. Alikuja, akakaa mbali juu ya tairi kuukuu.

Kushusha giaboksi kulichukua asubuhi nzima. Fundi alipoitoa sahani ya klachi alituita tusogee. Akatueleza kwa lugha ya mama wa nyumbani. Injini inazungusha gurudumu zito linaloitwa flaiwili. Sahani ya klachi hubanwa kwenye flaiwili kwa springi zenye nguvu, kama kitu kinavyobanwa kati ya viganja viwili, na sahani hiyo ndiyo inayozungusha giaboksi. Ukikanyaga pedeli, viganja vinaachia. Ukiondoa mguu, vinabana.

"Mama," akasema, "umewahi kujaribu kufungua kifuniko cha chupa ukiwa umetoka kukanda maandazi, mkono umejaa mafuta? Kifuniko hakizunguki. Mkono ndio unaoteleza."

Akatuonyesha sili ya mpira iliyo nyuma ya injini, inayozuia oili isitoke. Ilikuwa ngumu kama plastiki na imepasuka. Oili ilikuwa imevuja kidogo kidogo kwenye klachi, ikachanganyika na vumbi, ikaganda ndani ya nyumba ya klachi kwa tabaka nene ambalo fundi alilikwangua kwa bisibisi. Flaiwili ilikuwa na michirizi na madoa ya buluu ya joto. Sahani ilikuwa imelika mpaka ripiti zake.

Baba akauliza, "Je, dereva mgeni anaweza kuyafanya haya kwa siku kumi na mbili?"

Fundi akamtazama kijana kule kwenye tairi, kisha akamtazama baba. "Mwalimu, kuimaliza sahani kwa siku chache mlimani inawezekana. Lakini oili hii haikuganda kwa siku kumi na mbili, na sili haikuzeeka kwa siku kumi na mbili. Gari hili lilikuja kwenu likiwa gonjwa. Saruji ilimalizia tu. Nani alilijaribu mlipolinunua?"

Mjomba akageuka. "Wewe ulilijaribu?" akamwuliza mpwa wake. Kijana akatikisa kichwa kuitikia. "Ukawaambia nini?" Kijana akatazama chini. Mama ndiye aliyejibu: "Alituambia klachi inashika juu. Alituambia tukusubiri."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Fundi akarudi kwenye kazi yake.

Baba alimpigia simu muuzaji jioni ile. Alijibu kwamba gari ni la mtumba, tuliliona na kuliendesha wenyewe, na mkataba uko wazi. Hatukuwa na la kumjibu.

Neno gumu

Usiku huo hatukulala. Kwa desturi tulizolelewa nazo, mzazi haombi radhi kwa mtoto. Baba alihofu kwamba akijishusha mbele ya kijana wa miaka 18, hatapata tena sauti ndani ya nyumba. Mama alipendekeza tumrudishie ufunguo kimya kimya, tumpikie wali kwa nyama, naye ataelewa. Ndivyo tulivyozoea. Lakini kila tulipofikiria wali ule tulikumbuka begi lililo chini ya kitanda.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala, kwamba mkubwa ndiye hutupiwa taka za wote na kuzibeba. Sisi tulikuwa tumeugeuza msemo huo. Kosa letu la kununua kwa haraka tulilitupa kwa mdogo, naye akalibeba siku kumi na nne. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Wakolosai, anawaasa akina baba juu ya jambo hilihili, kwamba mtoto anayesumbuliwa bila kukoma mwishowe huvunjika moyo. Tulikuwa tumelisikia neno hilo kanisani mara nyingi, na kila mara tulifikiri linawahusu wazazi walevi.

Tuliamua kwamba kwa kuwa tulimsema mbele ya dada zake, tungemwomba radhi mbele ya dada zake. Kesho yake baada ya chakula cha jioni baba alisimama. Mikono yake ilitetemeka kama ya mtoto anayesoma darasani kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mwanangu, siku ile Tanga ulituambia ukweli, nikakunyamazisha. Baada ya hapo nikakulaumu kwa kosa ambalo si lako. Nimekukosea. Naomba unisamehe." Mama akasema, "Na mimi nilikusikia vizuri kuliko baba yako, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Tulitegemea alie, au atabasamu, au aseme hakuna neno. Alikaa kimya mpaka tukaogopa. Kisha akasema, "Mlivyokuwa mnasema kila siku, mwishowe niliamini ni mimi. Nilikuwa nautazama mguu wangu nikiendesha, nijue unafanya kosa gani."

Mama alitoka nje kwenda jikoni, na hakuwa na kazi jikoni.

Begi lilikaa chini ya kitanda kwa wiki nyingine nzima. Hatukuligusa wala kuliuliza. Siku moja mama alilikuta juu ya kabati, limekunjwa, halina kitu. Mpaka leo hatujamwambia kwamba tuliliona, ila atakaposoma hapa atajua.

Matengenezo yalitugharimu hivi: seti nzima ya klachi, yaani sahani, kifuniko chake cha springi na beringi, shilingi 340,000, sili 35,000, kuchongesha flaiwili kwa fundi wa mashine 45,000, oili ya giaboksi 30,000, kazi ya fundi 120,000, na gharama ya kuvuta gari 150,000. Jumla ni shilingi 720,000. Fedha hizo tulilipa sisi. Kijana alitaka ziongezwe kwenye deni lake, tukakataa. Kumwomba mtu radhi na kumwachia hesabu alipe tuliona ni nusu ya kazi.

Kama nanyi mnataka kununua

Mama anayenunua gari kwa ajili ya kijana wake si lazima awe fundi. Haya machache tumefundishwa na fundi na mjomba, na kama tungeyajua tungerudi nyumbani na fedha zetu.

Mpigie muuzaji simu, mwambie asiliwashe gari kabla hamjafika. Gusa injini kwa nje. Ikiwa ina joto, uliza kwa nini. Dizeli iliyochoka huonyesha ugumu wake asubuhi ikiwa baridi: huwaka kwa taabu au hutoa moshi mwingi ambao haukomi.

Jaribuni gari mlimani, au kama hakuna mlima, barabarani kwenye gia kubwa. Likiwa linakwenda mwendo wa kawaida, kanyaga mafuta kwa nguvu. Kama sauti ya injini inapanda na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Tazama pia pedeli inashika wapi. Ikishika karibu na mwisho wa kurudi kwake, mara nyingi sahani imekwisha. Sikiliza kelele unapoikanyaga, maana beringi iliyokufa hulia wakati huo. Harufu ya kuungua baada ya kupanda mlima haipuuzwi.

Liko jaribio jingine la gari lililosimama. Likiwa mahali tambarare, mbele hakuna mtu, vuta handibreki, weka gia ya tatu, achia klachi polepole. Injini yenye klachi nzima huzimika. Ikiendelea kuzunguka, klachi ni mbovu. Fanyeni mara moja tu, maana kurudia kunaiharibu. Mwisho, chungulieni chini ya gari, pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa na oili mpya au utando wa oili na vumbi, ulizeni bei ya kushusha giaboksi kabla ya kuuliza bei ya gari.

Na fundi mpelekeni ninyi wenyewe, asiwe wa muuzaji. Kama yuko safarini, msubirini. Mteja mwenye fedha mkononi, kama kweli yupo, mwacheni anunue.

Fundi alimpa kijana wetu onyo lake pia, na hatutaki kulificha. Alimwambia asipumzishe mguu juu ya pedeli wakati wa safari, na asilizuie gari mlimani kwa klachi wakati kuna breki. Kijana alilipokea onyo hilo bila kununa, kwa sababu safari hii lilikuwa onyo la haki.

Mpaka leo

Mkopo wa baba ulikwisha mwaka 2024. Kuna miezi kijana alileta laki moja na nusu kamili, na kuna miezi ya mvua alileta elfu sitini na maelezo. Pikapu bado inashusha karoti. Imekwisha kubadilishwa matairi na betri, na klachi ni ileile tuliyoifunga.

Hatutaki kusema kwamba nyumba yetu imekuwa mbinguni. Baba bado ni mkali, na mama bado hunyamaza mahali ambapo angepaswa kusema. Lakini neno samahani sasa hutembea pande zote mbili, na heshima ambayo baba aliogopa kuipoteza hatujaona ilipopotelea.

Mwaka jana tulikwenda kununua ng'ombe wa maziwa, kufidia yule tuliyemwuza. Binti yetu wa mwisho, mwenye miaka 13, alifuatana nasi. Bei ilikuwa nzuri, na mwenye ng'ombe alikuwa mkarimu sana. Tulipokuwa karibu kuhesabu fedha, binti akamvuta mama yake nguo. "Mama," akanong'ona, "mguu wake wa nyuma haukanyagi vizuri."

Tulitazamana. Kisha baba akamwambia mwenye ng'ombe, "Samahani, ndugu yangu. Hebu mtembeze tena."